Kidonge cha Utafiti cha Mume Wangu Anakimeza Mke Mwenzangu Mjamzito

Assalamu alaykum admin, na nyote mnaopita ukurasa huu. Jina langu tafadhali lisionekane, Unguja yetu ndogo na mume wangu anajulikana. Mie ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, nakaa Mkunazini, watoto wangu washakuwa wakubwa. Mume wangu ni fundi cherehani, anashona kanzu. Nna mke mwenzangu kule Bububu, msichana mdogo tu, nimwite Bi Mdogo. Na niseme mapema kabla hamjanirukia: alipoolewa nililia, nikanuna wee, mwisho nikachoka nikaendelea na maisha yangu. Leo siandiki kwa wivu. Naandika kwa sababu naogopa.

Mwaka jana mume wangu alipimwa akakutwa na presha na mafuta mengi kwenye damu. Watu wa utafiti wa maradhi ya moyo wakamwomba ajiunge, akakubali, na siku ya kwanza nikafuatana naye. Daktari alitueleza taratibu kabisa kwamba washiriki wengine watapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, na hata yeye hajui nani kapewa kipi. Halafu akasema, "Hii dawa bado inachunguzwa. Asipewe mtu mwengine yeyote nyumbani. Na mwenye mimba ndiyo kabisa, inaweza kumdhuru mtoto." Mume wangu akaitikia, "Naam daktari, nshafahamu." Alifahamu nini, Mungu ndiye ajuaye.

Presha ikashuka. Mie ndiye niliyemkatia chumvi na vya kukaanga, mie ndiye niliyekuwa namtoa nje kila alasiri akatembee, lakini sifa zote zikaenda kwa kidonge. Kila anayekuja kupimwa kanzu anahadithiwa. "Dawa ya utafiti hiyo bwana, huipati dukani!" Nikawa nacheka tu.

Bi Mdogo akashika mimba. Mimba ilipokua na yeye presha ikampanda, miguu ikamvimba. Kliniki wakamwambia arudi haraka aangaliwe vizuri. Sasa mie nikaona mume wangu akija kwenye zamu yangu hamezi dawa. Nikamwuliza, "Kichupa chako kiko wapi?"

"Nimekiacha kwa mwenzio."

"Kwa nini?"

Akacheka. "Yeye ndiye mwenye presha sasa. Mie nshapona. Nikirudi kule wanakiona kichupa kitupu, wanafurahi, wananipa chengine."

Jamani! Nikamwambia, "Yule mjamzito! Daktari si alisema mbele yako?" Akasema, "Alisema inaweza kudhuru. Hakusema itadhuru. Hata kliniki simpeleki tena, watampa vidonge vyao vya kila mtu." Nikapandisha sauti, nikamwambia kama hatamwambia daktari nitamwambia mie. Hapo akaweka kikombe chini, akanitazama. "Ukifungua mdomo wako kwa wale watu wa utafiti, basi siku hiyo umeachika. Nshasema."

Mnaojua dini mnajua uzito wa neno kama lile likishatoka. Tangu siku hiyo nnapika, nnafua, nnasali, na talaka yangu nnatembea nayo mdomoni. Sijawaambia wale watu wa utafiti. Nimewaambia nyinyi.

Nikaenda kwa mavyaa wangu, yaani mama yake mume, nikidhani yeye atamkanya mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "We wako ushazaa. Mwachie mwenzio na yeye azae." Nikaaga nikatoka.

Nikaona basi, bora niende Bububu mwenyewe. Nikapika samaki wa kuchemsha bila chumvi, nikafunga bakuli, nikaenda. Bi Mdogo alinifungulia mlango uso umemvimba mpaka macho yamekuwa madogo. "Shikamoo dada," akaniambia, na sauti yake dhaifu. Akasema kichwa kinamgonga kutwa, na akiinuka anaona vimulimuli. Nikamweleza yote aliyoyasema daktari, neno kwa neno, nikamsihi turudi kliniki sote wawili saa ile ile.

Akatabasamu. "Dada, mume wangu atanipa kitu cha kunidhuru? Alinambia utakuja na maneno haya haya." Kisha akashika tumbo. "Na mtoto mwenyewe siku hizi katulia. Zamani mateke yalikuwa hayanipi usingizi, sasa kimya. Dawa imetutuliza sote."

Mie nimezaa. Niliposikia lile neno kimya, nilimshika mkono. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mtoto anatakiwa acheze, inuka twende!" Akafungua kichupa mbele yangu, akakimeza kidonge kwa maji, akanitazama kama anayenikomoa. Nilipotoka sijafika hata kona ya nyumba, nikageuka nikamwona yuko uani anamwaga samaki wangu jaani.

Yaani chakula changu ndicho anachokiogopa! Na likitokea la kutokea, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mie, bi mkubwa niliyekuja na bakuli. Mume wangu simu hapokei. Yule binti hana mama, ndugu zake wako Pemba na namba zao sina.

Namba ya daktari wa utafiti ninayo, alitupa siku ile. Nikipiga, ndoa yangu ya miaka ishirini na mitano imekwisha, na nyumba hii si yangu. Nshavaa buibui, nimekaa barazani, simu iko mkononi. Hamnijui na simjui hata mmoja wenu, basi nambieni ukweli bila kunionea haya: ningekuwa simwonei yule msichana wivu hata chembe, ningekuwa bado nimekaa hapa nauliza?