Nyoka Asiyefumbua Kinywa

Saa tisa alasiri mvua imekatika, lakini maji bado yanadondoka kutoka kwenye bati. Mama Magamba anasimama mlangoni mwa fundi cherehani, ndoo yenye mfuniko mkono mmoja, fimbo ya chuma iliyopindwa ncha mkono wa pili. Anapiga hodi huku ameshaingia, na viatu havui. Katika kazi yake adabu ya mlangoni husubiri.

Ndani kumetulia kupita kiasi. Cherehani zote mbili zimenyamaza, kitambaa cha sare ya shule kimebaki chini ya sindano. Mke wa fundi yuko juu ya meza ya kukatia nguo, amemkumbatia mtoto wao anayetambaa. Anaangalia sakafu tu.

Katikati ya chumba fundi mwenyewe anatabasamu. Mkono wake wa kulia umeshika nyoka mweusi, mwembamba kama kalamu, vidole viwili vikiwa vimembana nyuma ya kichwa.

"Karibu, mama," anasema. "Leo nimekupunguzia kazi."

Mama Magamba haitikii karibu hiyo. Anatazama weusi unaong'aa kama umepakwa mafuta, macho madogo kama punje za ufuta, kichwa na mwili vyenye unene mmoja, mkia mfupi unaoishia kwa mwiba. Nyoka hapigi kelele wala hatanui shingo. Kinywa chake kimefumba. Hapo ndipo mama wa watu anapofungua upesi mfuniko wa ndoo.

"Fundi, nisikilize vizuri. Shusha mkono ndani ya ndoo hii, halafu fungua vidole vyote kwa pamoja. Usimrushe, mtoto yupo."

"Mbona nimemdhibiti, mama? Hata mdomo hawezi kufungua."

"Huyo hafungui, baba. Mwachie."

Fundi anatii, ingawa uso wake ni wa mtu aliyenyang'anywa sifa. Mfuniko unafungwa. Kutoka ndani ya ndoo inasikika sauti ndogo ya kukwaruza. Inakoma, kisha inaanza tena upande mwingine.

Wenye kujua nyoka wa majumbani wanamwogopa huyu kuliko swila anayetema mate. Swila hukuonya: husimama, hutanua shingo, nawe unatimua mbio. Huyu huishi ardhini, mvua ikijaza mashimo yake hupanda kupitia nyufa za sakafu, na watu humdhania mnyoo mkubwa. Meno yake ya sumu hutokea pembeni mwa kinywa kilichofumba, akachoma kwa kugeuza kichwa kidogo tu. Ukimbana nyuma ya kichwa umempa kidole. Mama Magamba anamwita Bubu.

"Nioneshe mkono," anamwambia fundi.

"Mkono hauna kitu."

"Nioneshe hivyohivyo."

Kwenye dole gumba, karibu na ukucha, kuna tone moja la damu. Ni nukta moja tu. Fundi analitazama, kisha anacheka kwa sauti.

"Hiyo ni sindano, mama! Mimi nachomwa kila siku. Ningekuwa nahesabu si ningeshapata wazimu?"

"Leo umeshona nini tangu mvua ianze?"

Fundi anageukia cherehani. Umeme ulikatika kabla ya mvua, na chumba kilikuwa na giza mno kutunga uzi. Hakushona kitu.

Usilolijua ni kama usiku wa kiza, wahenga walisema, na nyumba ile mchana kweupe imeingiwa na usiku. Mke anaanza kulia bila sauti. Dole gumba la kulia ndilo linalosukuma kitambaa chini ya sindano. Likienda, nyumba nzima imekwenda nalo, na kila aliyemo chumbani anajua.

Mama Magamba hamwachii mtu nafasi ya kuomboleza. Anamvua fundi pete kwa sabuni kabla mkono haujavimba. Anamkataza mke kuufunga mkono kamba, anamkataza fundi mwenyewe asishike wembe. Mkono unalazwa juu ya kitambaa kilichofungwa shingoni, usitikiswe, na bodaboda inaitwa.

Wakiwa njiani maumivu yanafika. Fundi aliyekuwa akicheka sasa anauma kola ya shati lake.

Hospitalini muuguzi wa zamu anauliza swali moja tu: "Nyoka gani?" Mama Magamba anainua ndoo. Muuguzi anachungulia kupitia mfuniko unaoonesha ndani, anarudi nyuma hatua, kisha anamwita daktari. Dawa ya sumu waliyonayo haimfai aliyeumwa na Bubu, hivyo hawaipotezi wala hawapotezi muda. Wanatuliza maumivu na kuuangalia mkono usiku kucha.

Mama Magamba hakuzaliwa na ujuzi huu. Alikuwa mfagiaji katika kituo kilichofuga nyoka kwa ajili ya kukamua sumu, akiokota magamba waliyojivua na kujifunza kumtambua mwenyewe kwa gamba lake. Jina lilimganda hukohuko. Bwana mmoja pale, mshikaji hodari, ndiye aliyemfundisha kushika shingo.

"Bubu alimchoma bwana yule akiwa ameshikwa sawasawa na alivyonifundisha," anasimulia. "Nilikuwa pembeni na fagio langu. Tulimsikia akisema, 'Ah, kamenigusa,' basi. Kidole kilioza tukikiona."

Kituo kilipofungwa akaanza kuitwa majumbani. Wengine humpa nauli, wengine humpa asante, na wapo wanaomwita mchawi halafu wanampigia simu tena mvua ikinyesha.

Lakini kilichomkosesha usingizi baada ya siku ile si maneno ya watu. Siku ya tatu, kitandani, fundi alimweleza alikojifunzia.

"Nilikuona wewe, mama. Kwa jirani yangu, mwaka jana. Ulimshika shingo yule mkubwa, watu wakapiga makofi. Nikasema, kumbe ni hivyo tu."

Mama Magamba aliinama akalia mbele ya mgonjwa. "Nilikuwa nawaonesha watu nyoka yule," anasema sasa. "Wao walikuwa wanatazama vidole vyangu."

Tangu hapo hashiki shingo ya nyoka yeyote mbele ya watu, hata awe mla panya asiye na sumu. Hutumia fimbo na ndoo, na wanaokuja kutazama huondoka wamenuna.

Fundi alikatwa pingili ya juu ya dole gumba. Amerudi kwenye cherehani, anasukuma kitambaa kwa vidole viwili vya kati, na mishono yake bado inakwenda upogo. Mkewe hukaa kando, akifumua na kunyoosha. Usiku, anasema, hawalazi mtoto chini tena, na kitu kikikwaruza sakafuni wote wawili huamka.

Mpango wa Mama Magamba ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kabla ya mvua zijazo, akiwa na Bubu aliyekufa ndani ya chupa, watu wamjue kwa sura. Alipojaribu mtaa wa kwanza walimcheka: kanyoka kenyewe kama kamba ya kiatu!

Fundi aliposikia hayo alizima cherehani.

"Safari ijayo nipitie," alimwambia. "Wewe utawaonesha anavyofanana, mama. Mimi nitawaambia kwamba aliponiuma nilikuwa nacheka."