Sululu Aliyeonekana Dagoretti Corner

Mimi hufuatilia ndege wa pwani nikiwa ghorofa ya nne katikati ya Nairobi, na kuchekwa nimeshazoea. Majirani zetu wa mtaa wa Woodley huniuliza bahari iko wapi huku, nami huwajibu kwamba hata wanaochunguza nyota hawalali angani. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mara mbili kwa mwaka tunashuka pwani, tunanasa ndege kwa nyavu alfajiri, tunawafunga mgongoni kifaa kidogo chenye kioo cha sola, kisha tunarudi mjini kuwatazama kwenye kompyuta wakiwa nukta nyekundu.

Mwaka huu nilimfunga ndege wangu wa kwanza kwa mikono yangu mwenyewe, baada ya misimu minne ya kubeba mifuko ya wenzangu. Alikuwa sululu, ndege wa matopeni mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Moyo wake ulidunda kwenye kiganja changu kwa kasi hata nikaogopa. Mkuu wangu, mama asiyependa mchezo, alisimama kando akitazama saa, maana ndege hashikiliwi muda mrefu. Kifaa cha kwanza kilikuwa na mkanda uliolika ukingoni. Nikakitia kwenye mfuko wa jaketi, nikachukua kingine, nikafunga, nikamwachilia. Aliondoka akipiga mbinja zake za harakaharaka, na mimi nikapiga vigelegele pale matopeni. Mkuu akaniambia nipunguze kelele, nisije nikafukuza ndege wote wa pwani.

Tuliporudi Nairobi, sululu akanyamaza. Siku ya kwanza nilijipa moyo. Siku ya nne nilikuwa nikifungua kompyuta kabla ya kuvua mkoba begani. Siku ya tisa nukta ikatokea, nami nikashangilia, kisha nikaikuza ramani nione yuko wapi. Alikuwa Dagoretti Corner, kando ya barabara, hasogei hata kidogo.

"Ndege wa pwani anatafuta nini Dagoretti?" mkuu aliuliza, na hakuwa anacheka. "Kama mkanda ulimbana akaanguka, kuna mtu amemwokota akambeba. Basi tumemuua sisi."

Alisema sisi kwa wema wake. Aliyefunga mkanda ni mimi, na wote mle ofisini walijua. Nilijiambia kwamba nikimkuta amekufa sitashika ndege mwingine maishani, na nilimaanisha. Nikachukua simu yangu yenye ramani, nikaenda kumtafuta.

Nukta ilinipeleka kwa fundi wa simu aliyetandaza kazi yake juu ya meza kando ya barabara. Nilikuwa nimejiandaa kuona manyoya, au hata sufuria. Badala yake, katikati ya simu kuukuu na nyaya, kifaa changu kilikuwa kinaota jua bila ndege.

"Niaje siste, unataka charger?" fundi akaniuliza.

"Hii umetoa wapi?"

"Hiyo? Kuna mathe aliniletea jana. Alikuwa anafua jaketi ya msichana wake, akaipata kwa mfuko. Anataka kujua kama ni ya redio. Mi nimeiweka tu kwa jua nione itafanya nini."

"Huyo mathe ametoka wapi?"

"Woodley."

Nikamwomba namba ya simu ya huyo mama. Akaibonyeza kwenye simu yangu, na kabla hajamaliza, jina likajitokeza lenyewe kwenye kioo: Mum. Nikampigia, nikamwambia nilichokikuta kwa fundi.

"Si nilikuuliza kama kuna kitu kwa hiyo mifuko ukasema hakuna?" mama alinikaribisha hivyo hewani, hata salamu hakunipa. "Ukasema nifue tu!"

Ndipo nikaelewa. Kazini kwetu namba ya kifaa husomwa kikiwa tayari mgongoni mwa ndege, kamwe si kabla, na mimi ndiye huwakemea wenzangu wakisahau. Asubuhi ile, kwa mchecheto wa ndege wa kwanza, nilikuwa nimeiandika kabla ya kubadilisha kifaa. Nilikuwa nimeshatoa sumaku inayokizima, kwa hiyo kililala macho kwenye jaketi chafu, bila jua, mpaka mama alipokitoa na fundi akakianika. Siku zote hizo nilikuwa nahangaikia mfuko wangu mwenyewe.

Nilicheka mpaka fundi akanipa kiti. Halafu kicheko kikaniishia, kwa sababu sululu wangu hakuwa pale mezani, na bado sikujua yuko wapi. Alikuwa na kile kifaa kingine, ambacho kwenye orodha yetu kimeandikwa kuwa kiko kabatini, na hakuna anayefuatilia kabati. Nikafungua orodha kwenye simu, nikatafuta namba ya kifaa pekee kilichoandikwa kabatini. Mtandao ukazunguka, ukazunguka.

Mstari ukajichora polepole. Ulianzia kwenye matope yetu, ukapanda ufuo wa Somalia, ukavuka Ghuba ya Aden, ukaingia Uarabuni. Nukta ya mwisho ilikuwa ya asubuhi hiyohiyo, na alikuwa angani, akielekea kaskazini anakokwenda kutaga.

"Ako hai!" nilipiga kelele. "Ako hai, anapaa!"

Wateja wawili wakasogea. Fundi akazunguka meza, akainama juu ya simu yangu, akaufuata mstari kwa kidole chenye madoa ya risasi ya kulehemu mpaka mwisho wake.

"Na hiyo kitu iko kwa mgongo yake, nani alifunga?"

"Ni mimi."

"Na haijalegea, na hiyo safari yote?"

"Haijalegea," nikamwambia, na nikaanza kulia kwa furaha mbele ya wateja wake.