Kinyozi wa magari anarudisha uso alioukata

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, nyundo inasikika kutoka nyuma ya gereji. Hayapigwi kwa nguvu mapigo haya. Ni madogo madogo, ya mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa.

Fundi wa bodi mwenye miaka sitini na mmoja amepiga magoti mbele ya gari dogo lililopandishwa juu ya matofali. Miwani yake imefungwa waya upande mmoja. Anagonga mara tatu, anapitisha kiganja juu ya bati, anafumba macho, anakipitisha tena. Kisha anaguna.

"La kushoto bado liko chini," anasema. "Kwa unywele mmoja tu. Lakini atajua."

Atakayejua ni mkewe, mkunga mstaafu. Kinachogongwa ni jicho la gari lake, na fundi huyu analirudisha kwa sababu miaka tisa iliyopita alilikata mwenyewe, bila kuulizwa wala kuruhusiwa.

Mtaa mzima unamwita Kinyozi. Jina hilo alilipata enzi za gari moja ambalo watu walilibatiza Bundi, na halikuja kwa bahati mbaya.

Bundi aliingia sokoni miaka ishirini na kitu iliyopita. Waliomchora walizitoa taa zake mahali pa kawaida, wakazipandisha juu ya boneti: taa mbili za mviringo, kila moja na upana wa sahani ya chakula, na katikati yake pua fupi. Akiwa ameegeshwa tu, alionekana kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla.

Tusidanganyane, halikuwa gari zuri. Injini yake haikusumbua, mafuta alinusa tu, na bei ilikuwa ya chini. Lakini ile sura! Wenye yadi walimwegesha uso ukiangalia ukuta na mgongo ukiangalia barabara, mteja avutiwe kwanza na nyuma. Mteja alivutiwa, akazunguka mbele, akacheka, akaenda kununua jingine.

"Mtu akienda kumwona mgonjwa na Bundi, anaombwa aegeshe mbali," anasema Kinyozi. "Wanasema kwa utani, wanacheka. Lakini gari linahamishwa kweli."

Hapo ndipo mkono wake ulipopata kazi. Mwalimu mmoja alimletea Bundi wake akiwa amechoka kuchekwa na wanafunzi. Kinyozi alikata boneti, akaondoa yale macho, akachomelea bati jipya la bapa na kufunga taa za gari la kawaida. Siku nne tu, Bundi akatoka na uso kama wa magari mengine yote. Mwalimu alimkumbatia.

Habari zikasambaa. Katika miaka sita, Kinyozi alinyoa Bundi arobaini na mmoja. Gereji ilikuwa na vijana sita, foleni ya magari ikatoka nje ya geti. Watu walileta Bundi aliyenunuliwa jana, hata plastiki ya viti haijatolewa.

"Nilikuwa naona nawasaidia," anasema. "Mtu anakuja ameinamisha kichwa, anaondoka anapiga honi. Kwa nini nisione nasaidia?"

Mabati aliyoyakata hakuyatupa. Aliyapasua katikati, akayanyoosha, akayasimamisha pembeni mwa kiwanja yakawa uzio. Uzio huo upo hadi leo, na kila bati lina tundu moja la mviringo mahali jicho lilipokuwa.

Bundi mmoja tu mtaani alibaki na macho yake, na alikuwa analala ndani ya geti la Kinyozi mwenyewe.

Mkunga alimnunua kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kumlipia. Alikuwa akimtumia usiku na mchana kwenda kwa akina mama, na baada ya mwaka mmoja hakutaka kusikia habari za kunyolewa. Wateja wa mumewe walimtania, naye alikuwa na jibu moja ambalo wengi hapa wanalikumbuka.

"Nimepokea watoto zaidi ya elfu tatu," alikuwa akisema. "Wote wanatoka na sura mbaya. Sijaona mama hata mmoja aliyerudisha."

Akiulizwa leo, analirudia bila kutabasamu, kisha anaongeza. "Sura ngeni mwaka wa kwanza inakukera. Wa pili unaizoea. Wa tatu ukiikosa mahali ulipoegesha, moyo unakwenda mbio. Watu hawakutaka kusubiri, ndiyo hivyo tu."

Kwa akina mama wenye uchungu, anasema, yale macho yalikuwa ndiyo habari njema. Yalikaa juu, kwa hiyo yalionekana yakipinda kona kabla ya gari lenyewe. Mtu aliyekuwa akipiga kelele alikuwa akisikia ndugu zake wakisema "huyo amefika," naye akapumua.

Mumewe aliona mambo kwa upande mwingine. Utani wa wateja ulimwingia. Kinyozi gani huyu, waliuliza, ambaye kwake mwenyewe kuna mtu ana manywele hadi mabegani? Alicheka nao, lakini jioni alilitazama gari la mkewe na kuona aibu.

Ndipo Mkunga aliposafiri kwenda kumuuguza mama yake, wiki mbili. Kinyozi akapata nafasi aliyokuwa akiisubiri.

"Sikufanya kwa ubaya," anasema, na nyundo imetulia mkononi. "Nilitaka arudi akute zawadi. Nilitumia bati jipya, si la mtumba. Taa nilinunua dukani. Nikaliosha, nikaliweka mbele ya mlango."

Mkunga alishuka na begi lake, akalitua chini, akalizunguka gari mara moja.

"Hili la nani?" aliuliza.

"Lako, mama."

"Langu lilikuwa na macho."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo linalomuuma Kinyozi mpaka leo. Aliweka ufunguo juu ya meza, akaingia ndani kuoga. Hakuliendesha tena. Kwa miaka minne iliyobaki kabla ya kustaafu alikwenda kazini kwa miguu au kwa kuomba lifti, na gari likasukumwa nyuma ya gereji, likapandishwa juu ya matofali. Chai anamletea mumewe hapo kila asubuhi, na kila asubuhi anakaa ameligeuzia mgongo.

Halafu dunia ikageuka, kama kumkomoa tu. Watoto waliopelekwa shule ndani ya Bundi wamekua, wana mishahara, na wanamtaka Bundi. Wanapiga naye picha za harusi. Wanasafiri siku nzima kufuata mmoja.

Dalali wa magari mwenye kibanda jirani na gereji anasema Bundi mwenye uso wake wa asili sasa anauzwa bei ya magari matatu ya kawaida. Aliyenyolewa haulizwi, anakwenda kwa kilo kwenye chuma chakavu. "Mimi uzuri siujui," anasema dalali. "Najua kinachoulizwa. Zamani waliuliza kama anaweza kunyolewa. Sasa wanauliza kama hajaguswa."

Na walionyolewa wakaanza kurudi. Wengine walifoka. Yule mwalimu wa kwanza, sasa ana mkongojo, hakufoka. Aliuliza kwa upole, "Fundi, kile kichwa changu unacho bado?"

Kinyozi alimwonyesha uzio. Mwalimu aliutazama kwa muda, akaaga, akaenda zake.

"Bora angenitukana," anasema Kinyozi.

Siku hizi anafanya kazi peke yake. Akipata magari mawili kwa wiki anashukuru, na mengi ni ya mikwaruzo. Wenye Bundi wamehamia kwa mafundi wengine, na anakiri kwamba angekuwa wao angefanya hivyo hivyo.

Lakini si biashara inayompigisha magoti alfajiri. Mkunga anapoteza macho.

Ni presha ya macho, ile inayokuja bila maumivu. Anatia dawa ya matone mara mbili kwa siku, na daktari aliwaambia wazi kwamba matone yanachelewesha tu, kilichokwisha kupotea hakirudi. Haoni pembeni kabisa. Kilichobaki ni kitundu cha katikati, naye anasema ni kama kuchungulia chumba kupitia tundu la ufunguo, na mtu yuko upande wa pili anaziba tundu taratibu.

Mwanzoni mwa mwaka huu, Kinyozi aling'oa mabati mawili kutoka kwenye uzio. Jicho la kushoto limetoka kwenye bati la mwalimu, ambaye alipoombwa alisema chukua. La kulia ni la mtu ambaye jina lake halikumbukwi. Kutu ilikuwa imekula kingo zote mbili. Aliziunga, zikapinda. Akaziunga upya. Kioo kimoja cha taa alikipata kwa rafiki. Cha pili hakipatikani popote, kwa hiyo amefunga mfuniko wa kioo wa sufuria, na ukisimama mbali hutambui.

Dalali alipouona uso huo ukianza kukaa sawa, alitaja bei. Ilikuwa inatosha kulipa kodi ya gereji kwa miezi saba. Kinyozi alimwambia akanywe maji.

Kuna jambo moja lililokuwa likimnyima raha, nalo halina dawa ya nyundo. Mkunga akisimama karibu na gari, kitundu chake kinaingiza taa moja tu. Anaweza kuona jicho la kushoto, akageuza shingo akaona la kulia. Yote mawili kwa pamoja hawezi.

"Sasa jicho moja moja ni uso gani huo?" anauliza Kinyozi. "Hizo ni taa tu."

Jibu alilipata mezani. Mkewe ana kawaida ya kumwambia mtu anayemsemesha, "Rudi nyuma nikuone vizuri," na mtu anarudi mpaka uso wote uingie kwenye kitundu. Kinyozi alianza kuhesabu. Mwaka juzi aliambiwa arudi hatua tatu. Mwaka jana tano. Sasa ni nane, na kwa nane anakuwa ameshatoka nje ya mlango wa jikoni.

Aliazima utepe wa binti yao, ambaye ni fundi cherehani, akapima uso wake kwenye kioo, akaenda kupima uso wa Bundi. Ulikuwa kama mara sita ya wake. Akafanya hesabu kwa chaki juu ya tairi: hatua nane mara sita.

Nje ya geti kuna njia iliyonyooka inayoishia kwenye ukuta wa ghala. Mpango wake ni kumshusha Bundi kutoka kwenye matofali, kumsukuma hadi hatua arobaini na nane, kumgeuza, na kumweka mkewe kwenye kiti getini, saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mgongoni mwake.

Njia hiyo ameipima yote. Ina hatua sabini, kisha ukuta.

Hesabu iliyobaki hahitaji chaki kuifanya. Mkewe akifika hatua kumi na mbili mezani, njia haitatosha. Bado kuna jicho la kunyanyua, msasa, na rangi mikono mitatu, na kila mkono unataka siku za kukauka. Bati jembamba ukiliharakisha linapasuka, na kwenye uzio hakuna jingine lililopona kutu.

"Sitaki anisamehe," anasema. Anajifuta uso kwa mkono wenye vumbi, na anajichafua zaidi. "Nataka alione mara moja likiwa zima. Nililichukua akiwa anaona."

Saa moja kasorobo Mkunga anatoka na birika. Mkono wa kulia unafuata ukuta, mguu unaonja sakafu kabla ya kukanyaga. Anapata kigoda chake bila kusaidiwa, anakaa, na kama kawaida mgongo wake unaelekea gari. Anamimina chai kwa kidole kilichowekwa ukingoni mwa kikombe, na haimwagiki.

Mumewe hajawahi kumwambia habari za njia wala hatua. Safari hii anasema hataki kumshtukiza tena. Anamweleza yote, kuanzia mezani hadi ukuta wa ghala, naye anasikiliza akipuliza chai.

"Umesema hatua ngapi?"

"Arobaini na nane, mama."

"Ya lini hiyo?"

Kinyozi anaigeukia ile chaki juu ya tairi. Alihesabu mwezi uliopita.

Mkunga anageuza uso polepole hadi kitundu chake kimpate mwandishi wa makala haya, daftari magotini, kikombe cha pili mkononi. Anamtazama kidogo, kisha anamrudia mumewe.

"Basi mwambie mgeni wako anywe chai aende," anasema, "wewe ufanye kazi."