Rafiki Aliyenifukuzisha Kazi Anataka Nimfumie Kitambaa cha Kompyuta

Mhariri, jina langu lifiche, na mtaa wangu uuite Eastlands tu, maana wanaosoma ukurasa huu ni wengi na huyo mwanamke ni mmoja wao. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina watoto watatu, na nina hasira. Kuumia niliumia mwaka jana. Sasa ni hasira tupu.

Nilikuwa nimeajiriwa kiwanda kimoja huku Industrial Area, kazi yangu kutunza chumba cha kompyuta. Mlikuwa na kabati refu la chuma, na ndani yake kompyuta za kupiga hesabu ya mishahara ya kiwanda kizima. Fundi aliyelileta alinifunza vizuri: kabati lisiegemee ukuta, hewa baridi huingilia mbele, joto hutokea nyuma, na mashine ya baridi isizimwe hata Krismasi. "Mama, hizi zikikosa hewa zinakufa kama mtu," aliniambia. Nilishinda humo na sweta mwaka mzima na sikulalamika.

Kulikuwa na jirani yangu, nitamwita Mama Brenda. Mlango wake unatazamana na wangu. Mume wake alipoachishwa kazi, nilimshika mkono Mama Brenda mimi mwenyewe nikampeleka kwa bosi, akapewa kazi ya kupika chai na kufagia. Tulikuwa tukitoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni.

Basi siku moja kiwanda kilitarajia wageni wakubwa, na mtoto wangu naye akaamka na homa. Nikaomba ruhusa nimpeleke kliniki, ufunguo wa chumba nikamwachia Mama Brenda. Niliporudi mchana nilikuta harufu ya plastiki iliyoungua na chumba kina joto la jiko. Mashine ya baridi ilikuwa imezimwa. Kompyuta zilikuwa zimekufa zote. Kabla sijafungua mdomo, Mama Brenda alikuwa ameshapiga magoti mbele ya bosi, analia. "Bosi, mimi nimeikuta imezimwa! Ni yeye alizima akitoka, alisema inakula stima bure!"

Haki ya Mungu, sikuizima. Lakini aliyelia kwanza ndiye aliyeaminiwa. Nilifutwa siku hiyo hiyo, na yeye akapewa ufunguo wangu.

Mwezi huo mishahara ilichelewa sana. Ploti nzima tunamopanga ikanigeukia. Nikienda kuteka maji, wanawake wananyamaza. Watoto wangu wakaitwa watoto wa mchoma mishahara. Ni Mama Zuhura peke yake, wa nyumba ya mwisho, aliyenibishia mlango na unga na sukuma wiki, na mume wake ni wa kiwanda hicho hicho, naye hakuwa amelipwa. "Dada, chukua," aliniambia, "mimi sijakuuliza kitu." Tangu hapo nimekuwa nikifuma vitambaa vya makochi na vya redio, nauza mlangoni. Usiku nilikuwa najiuliza, je, kama kweli niliizima nikasahau? Nilianza kujishuku mimi mwenyewe, jamani.

Sasa sikieni. Wiki iliyopita Mama Brenda alikuja kwangu, anacheka. "Mambo ya zamani tuyaache, wewe ni dada yangu. Nimekuletea kazi." Akasema kiwanda kimenunua kompyuta mpya, nyembamba, zimesukumwa kabatini zikabanana kama mikate dukani, na wageni wale wale wanarudi. Anataka kitambaa cha kulivalisha kabati lote. "Kiwe cha sufu nzito," akasema, "kishuke mbele mpaka chini, na nyuma pia, vumbi lisipate pa kuingilia. Chuma tupu mbele ya wageni ni aibu."

Halafu akatoa kitambaa chake cha zamani kwenye mfuko, nikitazame mshono. "Hiki ndicho nilichozifunika nacho zile kompyuta za kwanza, siku ile ya wageni. Zilipendeza! Lakini kilipata doa, sijui ni chai, nikakitoa kabla hujarudi."

Nikakishika. Doa lilikuwa la kahawia, na uzi wake ukakatika vidoleni. Chai gani hiyo? Huko ni kuungua!

Nikamwuliza polepole, "Na ile baridi ya humo unaiwezaje?"

"Ai, hiyo mashine huwa naizima kidogo," akasema. "Siku ile karibu inipe nimonia."

Alisema hivyo akinywa chai yangu. Wala hakukumbuka alichoapa mbele ya bosi. Nilitabasamu, nikamwambia kitambaa kitakuwa tayari.

Na nimekifuma, wasomaji. Sijawahi kufuma kitu kwa moyo kama hiki. Nimechagua sufu nzito kuliko zote sokoni, nikaisokota mara mbili, tundu la kupitisha hewa hamna. Nataka hilo kabati life mikononi mwake. Nataka apige magoti alie, na safari hii mwenye ufunguo awe yeye. Nataka aende kuteka maji wanawake wanyamaze.

Niliwaza kukificha kile cha zamani alichoniachia nikampelekee bosi, lakini mlinzi ana amri asiniruhusu kupita geti, na nani atamsikiliza mchoma mishahara aliyeshika kitambaa?

Jana Mama Zuhura alipita mlangoni, akakishikashika, akakisifu. Ana mimba ya miezi ya mwisho. "Mwezi huu mzee akilipwa tu, nanunua nguo za mtoto," akasema. "Nawe utanifumia shali, eh?" Nikamwitikia. Tangu wakati huo sindano haijasonga.

Kimebaki ukingo peke yake. Mama Brenda anakuja kukichukua Jumamosi. Nishaurini, lakini msiniambie nisamehe, hilo sijauliza. Nimalize, au nifumue?