Magunia ya Mwenzangu

Nianze na ukweli, maana nimewachapa watoto wa watu miaka mingi kwa kusema uongo: mwenzangu nilimwonea wivu. Na usidhani ni wivu mdogo, wa kutamani kitenge cha mtu kanisani. Niliamka asubuhi, na kabla hata sijasali nilikuwa dirishani, naangalia ameongeza nini.

Tulifundisha naye shule moja kule Nyakitonto, meza zetu zikitazamana katika chumba cha walimu. Yeye ni wa Busunzu, mimi wa hapa hapa Kasulu. Tulistaafu mwezi mmoja, tukaagwa kwa pilau moja na soda za kreti moja, na kiinua mgongo chetu kikaingia kwa kupishana siku chache. Viwanja vyetu hapa mjini tulikuwa tumeshavinunua zamani, vimepakana, enzi zile tukiwa marafiki wa kweli na tukisema tutazeeka tukiombana chumvi.

Sasa mimi, jamani, hela ilipoingia nilijenga. Nilijenga nyumba ya kuonekana na mtu aliye kwenye lori barabarani. Nguzo nne mbele, marumaru mpaka barazani, bati la rangi, dari la kupambwa ambalo fundi alinihakikishia hata wilayani hawana. Mwenzangu alijenga vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, akaviacha hivyo hivyo bila plasta. Nilimcheka. Nilimwambia mbele za watu, "Mwalimu, mbona nyumba yako haijavaa?" Akacheka na yeye, akasema itavaa siku moja. Watu wakacheka, nami nikaona nimeshinda.

Kha! Nilishinda nini? Hela yake alikuwa ameigawa. Nyingine aliifungia benki, asiweze kuigusa mpaka muda wake ufike. Nyingine alinunulia hisa katika kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Iliyobaki ikawa mtaji wa maharage. Haya yote niliyajua kwa kuchungulia na kusikiliza, si kwa kuuliza. Hakuwa mtu wa kuficha. Ungemuuliza, angekukalisha akueleze mpaka uchoke. Ila mimi nimuulize yeye? Mimi niliyekuwa mwalimu wa taaluma, yeye akiniletea maandalio yake ya masomo nisaini? Thubutu.

Mwaka wa kwanza akaweka tenki la maji. Wa pili akanunua ng'ombe wa maziwa. Wa tatu nyumba ikavaa, tena ikavaa vizuri, rangi ya krimu, mistari ya kahawia chini. Siku mafundi walipomaliza nilifunga madirisha yote ya upande ule, nikasema ni harufu ya rangi. Haikuwa harufu ya rangi.

Na mimi nilikuwa nimebaki na nini? Pensheni ya kila mwezi, ambayo ikifika tarehe kumi inakuwa imeshaniaga, na akiba kidogo benki. Akiba ile nilikuwa nimeiapia. Ilikuwa ya dawa zangu za presha na ya siku nitakayolala nisiamke vizuri. Binti yangu yuko Dodoma, ana watoto wanne na mume asiye na kazi ya kueleweka. Nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu, "Mwanangu, mimi sitakuja kukuombaomba. Ya kwangu nimeyapanga." Kwa hiyo hela ile ndiyo iliyokuwa heshima yangu. Ikiisha, nimekuwa ombaomba kwa mtoto mwenyewe mwenye shida zake.

Nikaenda nikaitoa yote.

Nilikuwa nimemchunguza vya kutosha, au ndivyo nilivyoamini. Mavuno yakitoka, bei ikiwa chini, anakwenda soko la Muyama kununua maharage ya njano. Anayaanika siku tatu juu ya turubai, anapepeta, anajaza magunia, anayapanga juu ya mbao yasiguse sakafu. Kisha anatulia miezi, mpaka watu wanatafuta mbegu na mboga na bei imepanda. Basi. Kuna elimu gani hapo? Nilisimama juu ya ndoo nyuma ya ukuta wangu, mwanamke mzima mwenye wajukuu wanne, nikayahesabu magunia yake yakiingizwa stoo. Yalikuwa magunia ya sandarusi ya kawaida, mengine yamechakaa, yamefungwa kwa kamba ya manila. Siku hiyo hiyo nilikwenda dukani nikanunua roli la kamba, kubwa kuliko lake.

Muyama nilikwenda siku ambayo nilijua yeye yuko kwenye kikundi. Nilinunua gunia kumi na tano. Nikaanika, nikapepeta, nikajaza, nikapanga juu ya mbao. Stoo sikuwa nayo, maana kwenye ramani yangu fundi alichora sebule mbili, kwa hiyo yakakaa sebule ya pili, juu ya marumaru, pazia likiwa limefungwa. Nilikuwa nikiingia mle nikiyapigapiga kiganja, nasema moyoni, subirini, safari hii tutaona nani anacheka.

Wiki ile ile akaja. Nilimwona akivuka, amebeba furushi kwapani, kitu kimekunjwa, cheupe. Nikajua tu, amekuja kunionyesha kitu kipya alichonunua. Kitambaa cha mezani labda, au shuka. Nikakimbilia sebule ya pili, nikajibanza nyuma ya pazia kati ya magunia.

"Hodi! Mwakeye, mwalimu! Hodi humu!" aliita, kwa salamu ya Kiha chetu.

Nikanyamaza. Akabisha tena, akaniita kwa jina la mtoto wangu, kwa upole kabisa. Akabisha mara ya tatu. Kisha nikasikia kandambili zake zikiondoka polepole, na nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikaona nimemkomesha.

Miezi ilipita. Nilikuwa mwema kwa watu wote wakati ule, hata kwake. Tukikutana nilimsalimia kwa furaha ya mtu mwenye siri. Dawa zikaisha nikasema nitanunua bei ikipanda. Niliruka wiki mbili za vidonge hivyo hivyo, kichwa kikigonga. Kisha bei ikapanda kweli, na lori la mnunuzi likasimama kwake. Nikatoka na kitenge changu kizuri, kile nilichonunua kwa mama Mkongo wa kambi ya wakimbizi, nikamwambia mnunuzi kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Ukimaliza hapo, pitia na kwangu. Kuna mzigo."

Akaja na bambo lake, kile kichuma wanachochomeka kwenye gunia kuvuta punje za kuangalia. Akalichomeka gunia la mbele. Kikatoka unga. Akaangalia kiganja chake, akanitazama, akalichomeka la pili. Unga, na fukusi wakitembea juu ya vidole vyake kama wako kwao. La tatu, la nne. Nilijisikia mwenyewe nikiguna kila akichomeka. Akafungua moja, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Maharage yalikuwa na matundu matundu, mepesi, ukiyashika yanapondeka.

"Mama, haya yamebunguliwa yote," alisema. "Hata wa kulishia nguruwe atakupunguzia bei." Akajifuta mikono kwenye suruali, akaondoka taratibu kama mtu atokaye msibani.

Nilikaa chini pale pale kwenye marumaru. Nilikuwa na hasira, nisijue nimmalizie nani. Yale yale maharage, soko lile lile, jua lile lile! Yake yamepakiwa kwenye lori yanang'aa, yangu unga. Nikasema huyu mwanamke ana kitu, kaniloga. Nilikuwa bado nalisema hilo moyoni alipoingia mlangoni. Safari hii hakubisha hodi.

Alikuwa na lile furushi jeupe. Akalikunjua mbele yangu. Ilikuwa mifuko ya nailoni, mizito, mirefu ya ukubwa wa gunia.

"Unaitumbukiza miwili ndani ya gunia, mmoja ndani ya mwenzake," alisema. "Unajaza maharage, unafunga wa ndani, unafunga wa pili, ndipo unafunga gunia lenyewe. Wadudu wanakosa hewa, wanakufa. Mpagazi aliyekubebea aliniambia umeshusha gunia kumi na tano, na pale dukani mifuko ilikuwa inaisha. Nikakununulia ya magunia yako yote."

Magunia niliyoyahesabu nikiwa nimesimama juu ya ndoo, kumbe niliona ngozi yake ya nje tu.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilifoka. Ndiyo, nilifoka, aibu ikizidi mimi hufoka.

Akaketi kando yangu, akavuta gunia moja karibu. "Nilibisha hodi mara tatu, mwalimu. Pazia lilikuwa linatikisika."

Hakucheka, na afadhali angecheka. Alichukua ungo wangu ukutani akaanza kupepeta, nami nikachukua wa pili, tukachambua mpaka jua likapinda. Mikono yake ni myepesi, anatenga zima na bovu bila kutazama, na hata pale, na machozi usoni, nilimwonea wivu kwa hilo pia. Katika magunia kumi na tano tulipata mawili ya kuuzika, na lori lilikuwa limeshaondoka.

Siku iliyofuata nilimpigia binti yangu Dodoma, nikamwambia nimeishiwa dawa. Hakuniuliza yale yangu niliyoyapanga yamekwenda wapi. Alituma hela ndani ya saa moja, na mimi nikajua ameikopa.

Jioni nikavuka kwa mwenzangu, nikabisha hodi. Alikuwa anakamua ng'ombe. Nikasimama nikiwa nimeshika mifuko minne, nikamwambia, "Mwalimu, nionyeshe inavyofungwa." Tangu tustaafu lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

Akaosha mikono, akaja kwangu, akanifundisha kukamua hewa, kusokota mdomo wa mfuko, kuukunja, na kuukaza. Wa kwanza akafunga yeye. Wa pili akanisogezea, akaniuliza kama ninayo kamba.

Nilikuwa nayo. Roli zima.