Mpe Mwenyewe Nyundo

Siku ya kwanza kwenye kambi ya watafuta madini, huko chini ya Kaplong, nilifikiri nimeandikwa kuosha vyombo. Nyapara wetu, Arap Langat, akanipa karai ya mchanga wa mto. "Osha hii, Mama Chebet. Mwepesi uende na maji, mzito ubaki. Huo mzito ndio tunatafuta."

Nilisoma hadi darasa la pili tu, lakini mawe niliyashika haraka. Jiwe kavu halisemi kitu. Unalilowesha kwanza ndipo rangi itoke. Kisha unalikwaruza nyuma ya kigae: dhahabu huacha alama ya njano, ile ya uongo huacha nyeusi. Mwisho ni nyundo. Dhahabu ikigongwa inalala kama chapati. Ya uongo inapasuka, inanuka kiberiti.

Baadaye tukahamishiwa Roret, karibu na kwangu, na watu wakaanza kutuletea mawe. Mutai, yule wa ng'ombe wengi, alileta jeupe kama glasi. Wanjiru wa duka alileta la kung'aa, amelifunga kwa leso. Mkubwa wetu, tuliyemwita Bwana Mawe, alikuwa na sheria moja: "Usibishane na mtu. Mpe mwenyewe nyundo. Akilivunja kwa mkono wake, ataamini."

Wanjiru aligonga, likawa unga. Akacheka, "Haya, wacha nirudi kwa sukari yangu!" Lakini nilimwona akipangusa macho na ile leso.

Halafu mume wangu, Kipsang, akichimba choo kando ya majani chai yetu, akaja mbio na jiwe la njano. Nililikwaruza: alama nyeusi. Nikampa nyundo.

"Gonga, Baba Chebet."

"Ya nini? Nimeona na macho yangu."

"Gonga tu."

Akalitia kwenye mfuko wa koti. "Wewe umezoea mawe ya watu. Hili ni letu."

Aling'oa majani chai, mstari kwa mstari, akachimba. Nilimsihi. Mzee wa kanisa akamsihi. Mvua kubwa ilipokuja, kuta za shimo zikamwangukia, tukamfukua amekwisha kufa. Koti alikuwa ameliacha juu, limetundikwa kwenye shina la chai, jiwe likiwa ndani.

Sasa nimestaafu. Kambi iliondoka zamani, haikupata kitu. Shimo tulilijaza, tukapanda majani tena. Wajukuu wakiokota jiwe huniletea, nami huwapa nyundo, wanagonga wakicheka. Lile la babu yao liko kabatini, na hilo nimewakataza.

Mwenyewe hakuligonga.