Miti juu ya chemchemi

Mbuzi ndio waliotuponza. Katika miaka ya vita ya pili nchini mwetu wanajeshi, basoda kama tulivyowaita, walipanda kilima chetu, mwendo wa nusu siku kutoka Butembo. Wakawasikia mbuzi wakilia nyuma ya nyumba, wakawafunga kamba wote, wakaondoka nao. Mke wangu aliwatazama mpaka walipotokomea. Kisha akasema, "Sasa nitafuga nyama yenye haina kelele."

Alichimba bwawa bondeni, chini ya chemchemi, akisaidiwa na wanawake wa jirani. Samaki aliowatia humo, tilapia, aliwalisha majani ya viazi vitamu na makapi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akigonga ukingo kwa mpini wa jembe, wanakuja juu. Siku ya kufungua bwawa maji yatoke aliuza wakubwa, tukapata chumvi, sabuni na ada ya shule. Wadogo aliwagawia wajane wachimbe mabwawa yao.

Basoda walipita tena. Mmoja akasimama. "Mama, hapa munafuga nini?"

"Maji," akajibu.

Walicheka, wakaenda zao.

Mimi nilikuwa nikipanda mikaratusi. Kwetu mwanamke hulima, lakini hapandi mti. Mti ndio unaosema shamba ni la nani, na wakati wa vita kila mtu alikuwa akisogeza mpaka. Tena mbao zilitafutwa sana mjini, maana waliokimbia vijiji vyao walikuwa wakijenga. Nilipanda miti mteremko mzima. Mke wangu aliniomba nisifike kwenye chemchemi. Nilifika.

Miti iliporefuka, maji yakapungua.

"Papa, miti yako inakunywa kama basoda siku ya mushahara," mke wangu akasema.

"Mti haina kinywa, mama."

"Iko na mizizi. Na weye uko na masikio, inakusaidia nini?"

Nilicheka. Aliponiomba nikate hata ile ya karibu na chemchemi, nilimwambia avumilie kidogo, miti inenepe kwanza.

Kiangazi kilichofuata samaki walikuja juu bila kuitwa, vinywa wazi, migongo nje ya tope. Aliwachota waliobaki kwa beseni, akawatia ndani ya bidoni, dumu letu la maji, akapanda lori kupitia Beni hadi kwa mdogo wake, upande wa Eringeti. Kule kuna joto, samaki wanakua upesi, na maji hayana mwenyewe. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Utakuja kuniona, kama miti yako itakupa ruhusa."

Sikwenda. Niliogopa watu wangeikata nikiwa sipo.

Vita ilifika kule asubuhi, yeye akiwa bwawani analisha. Waliokuwa majumbani waliwahi kuingia msituni. Yeye alikuwa mahali peupe. Mdogo wake alimzika pale pale ukingoni. Barabara ilipofunguka nikafika, majani yalikuwa yameshaota juu ya kaburi, na mdogo wake ndiye aliyenionyesha lilipo.

Nikarudi nyumbani, nikaangusha miti yote. Maji yalirudi, polepole, na wanawake wakalichimba bwawa upya. Lakini mkaratusi ukikatwa haufi, kisiki huchipua. Kila majira ya mvua nimepanda mteremko na panga langu kukata machipukizi, peke yangu. Mwaka huu mkono umekataa. Nikashuka bwawani, nikawaambia wanawake wapande mteremko wakate wenyewe.

Walitazamana. "Miti ni ya banaume," mmoja akasema.

"Kateni. Yote."

Mkubwa wao, aliyechimba bwawa la kwanza pamoja na mke wangu, akaweka beseni chini.

"Papa, ni sasa ndiyo unatuambia?"

Alichukua panga mkononi mwangu, akatangulia kupanda mteremko.